Aulizwe Afuaye

Mashine yetu ya kufulia ilikufa mwezi wa Februari, katikati ya mvua, ikiwa na shuka mbili na sare ya shule ya mjukuu tumboni mwake, na mlango wake umejifunga kwa komeo lake la ndani, hata ikawa sharti fundi aitwe, si kwa kuiponya, maana hilo halikuwamo katika uwezo wa fundi yeyote wa ukanda huu wa ziwa, bali kwa kuzikomboa nguo zilizozuiliwa mle. Ilikuwa imeishi miaka minne na miezi michache. Mimi ndimi niliyeinunua, mimi ndimi niliyeichagua, na katika nyumba yetu mimi ndimi pekee nisiyefua. Hoja yangu yote imo katika maneno hayo matatu, ila namwomba msomaji anipe ruhusa niifikie kwa mwendo wa taratibu, kama gari lishukalo kutoka Matai kuja Kasanga.

Asiyeijua Kasanga na ajue kwamba ni bandari ndogo katika wilaya ya Kalambo, karibu na mwisho wa kusini wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wajerumani walipaita Bismarckburg na kujenga boma ambalo magofu yake yangalipo; na kwamba baina yetu na mji wa Sumbawanga pana zaidi ya kilomita 100 za njia na mteremko wa karibu mita 1,000. Huko juu, katika uwanda wa Ufipa, mwezi wa Juni na wa Julai baridi humwamsha mtu kabla ya jogoo; huku chini ziwa hutuhifadhia joto, lakini jamaa zetu wa juu wakija kututembelea huja na mablanketi yao, na sisi tukipanda kwao hurudi na vumbi lao jekundu. Kwa hiyo nguo za nyumba ya Kasanga zina mambo matatu ambayo mtengenezaji wa mashine aliyeko Asia au Ulaya hakuyawaza: vumbi la Ufipa, shombo la migebuka na dagaa, na blanketi zito ambalo likilowa maji watu wawili hulishika huku na huku, wakalisokota kama kamba ya jahazi, na bado likaendelea kudondosha maji mpaka jua la saa tisa.

Nilipostaafu ualimu nikapata kiinua mgongo, nilisafiri na mke wangu hadi Dar es Salaam kwa shughuli za familia, na katika shughuli hizo tukaingia dukani kutafuta mashine ya kufulia. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai na adabu, naye akagawa adabu yake kwa namna iliyonipendeza siku ile na inayonitia haya leo: maelezo akanipa mimi, kiti akampa mke wangu. Alinionyesha mashine nyeupe yenye mlango wa kioo upande wa mbele, na vitaa vilivyowaka kimoja baada ya kingine, na hesabu ya mizunguko, na orodha ya namna kumi na tano za kufua, kana kwamba uchafu nao una madhehebu kumi na tano. Mke wangu, ambaye amefua tangu akiwa binti wa miaka saba, aliuliza swali moja tu akiwa palepale kitini: maji yakikatika, inafanyaje? Kijana akatabasamu, akamjibu, “Mama, usiwe na wasiwasi, hii inajiendesha yenyewe.” Nami nikatabasamu pamoja naye. Nikalipa.

Jibu la swali lile tulilipata Kasanga. Mashine za aina ile hazichotewi maji kwa ndoo. Zina kilango cha umeme ambacho hukaa kimefumba mpaka maji yakisukume kwa nguvu ya kutosha, na vitabu vyake aghalabu hutaka nguvu ile ipatikanayo katika tangi lililoinuliwa mita 5 juu ya mashine, nyingine zikiridhika na mita 3. Tangi letu la plastiki limekaa juu ya kijinara cha matofali ambacho ukikipima toka mashine ilipo hakifiki mita 2. Basi mashine ikawashwa, ikanguruma kidogo, ikangoja maji kwa heshima, kisha ikaandika herufi na tarakimu katika kidirisha chake na kunyamaza. Kwa miaka minne binti yetu aliinywesha kwa jagi, akiyamimina maji katika kisanduku cha sabuni jagi baada ya jagi, na kila aliposahau kuhesabu, ile mashine inayojiendesha yenyewe ikamwita tena kwa mlio. Juu ya hayo, sabuni ya unga ambayo maduka yetu huuza ni ya kufulia kwa mikono, yenye povu jingi, kwa kuwa mfuaji wa mkono huliona povu kuwa ushahidi wa kazi. Lakini ndani ya pipa lililolala ubavu povu ni adui, huzuia nguo zisianguke na kupigana, hupanda, hutafuta upenyo, na siku moja lilitoka mlangoni likaeneza sakafuni zulia jeupe ambalo wajukuu walilifurahia kuliko zawadi yoyote niliyopata kuwaletea.

Kilichoiua hatimaye ni umeme. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga na jirani zake haukutoka katika gridi ya taifa letu bali Zambia, kwa njia ya Mbala, na kila aliyeishi mwisho wa waya mrefu anajua tabia ya umeme wa mwisho wa waya: taa hufifia jioni wote wanapopika, kisha umeme hukatika, na ukirudi hurudi kwa kishindo. Taa ya shilingi elfu tatu ikiungua hubadilishwa. Lakini mashine ya kisasa akili yake yote imo katika kibao kimoja cha umeme chenye ukubwa wa daftari, na kibao kikiungua, mota nzima, pipa zima, pampu nzima, vyote hugeuka maiti pamoja nacho. Fundi wa Sumbawanga alisema kibao kiagizwe Dar es Salaam. Dar es Salaam wakasema mtindo ule umekwisha toka, wakatupa bei ya mtindo mpya.

Siku zile za kungoja majibu nilikuwa nikienda gatini jioni, na pale mawazo yangu yaliikumbuka meli ambayo kila mtu wa Kasanga mwenye umri wangu ana kisa chake nayo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini 1915. Vita vilipowaelemea Wajerumani mwaka uliofuata, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nene, kama mtu atiaye mafuta jembe analoliweka darini hadi msimu ujao, na Waingereza walipoiopoa 1924 waliikuta mitambo ile ingali na uhai. Ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na kwa miongo mingi ikatuletea hapa sukari, sabuni, mabati, wageni na barua, ikibadilishwa injini na viungo kadiri ilivyozeeka. Chombo kilicholala miaka 8 chini ya maji kilifaa, na changu kilicholala miaka 4 chini ya bati hakikufaa. Sisemi kwamba mashine ya kufulia yapasa kuishi miaka mia, wala sidai kwamba watu wa zamani walikuwa na akili kuliko wa leo. Ninalosema ni kwamba ile meli iliundwa na watu waliojua itakwenda kuishi mbali na kiwanda, na kwa hiyo kila kiungo chake kiliweza kufunguliwa kwa spana na mtu mwenye subira. Mwenye kununua mashine ya kuishi Kasanga, au Kirando, au Wampembe, amefanana na watu hao kuliko anavyofanana na mnunuzi wa Upanga.

Sasa nije kwenye uchaguzi wa pili, wa mashine ya kuirithi ile iliyokufa. Mbele ya mnunuzi wa nchi yetu zimo aina tatu. Ipo ya mlango wa mbele, ambayo nimekwisha ieleza na kuitukana vya kutosha, ingawa insafu yanidai niseme kwamba palipo na maji ya bomba yenye nguvu na umeme ulionyooka ndiyo inayotumia maji machache na kuzihurumia nguo. Ipo ya mlango wa juu inayojiendesha, ambayo haina makuu ya povu, lakini hunywa maji mengi, nyingine zaidi ya lita 100 kwa mfuo mmoja, na nyumba inayojaza tangi kwa kununua ndoo haiwezi kuilisha. Kisha ipo ile ya mapipa mawili, pipa la kufulia na pipa la kukamulia, yenye vitasa vya kuzungusha kwa mkono kama saa ya jikoni, ambayo wauza maduka huiweka pembeni karibu na mafeni, na ambayo mtu mwenye cheo huona haya kuibeba mchana.

Hiyo ya tatu ndiyo mke wangu aliyoitaka tangu mwanzo, na nilipokubali mwishowe kumwuliza kwa nini, alinipa mhadhara ambao sikupata kuusikia katika duka lolote. Pipa lake hujazwa kwa ndoo, kwa mpira, au kwa maji ya mvua yaliyokingwa katika pipa la bati. Halimwulizi mtu tangi lake liko juu kiasi gani. Maji yale yale ya sabuni hufua nguo nyeupe kwanza, kisha za rangi, kisha za shule, kisha za kazi na zile za mtu aliyetoka kununua samaki, na mwisho husugua sakafu ya choo, hivi kwamba kipimo kimoja cha sabuni ambacho mashine ya kioo hukimwaga baada ya mfuo mmoja, hii hukitumia mara nne au tano. Haina akili, kwa hiyo haina kichaa: ndani yake mna mota mbili, mkanda, saa za kuzungusha na mpira wa kutolea maji, na mkanda ukikatika fundi wa pikipiki anaweza kutafuta unaofanana nao. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unafungua mfuniko, unaitoa nguo, unaimalizia kwa beseni. Hakuna komeo la kumfunga mateka. Tabu yake ni kwamba humtaka mtu awepo, ahamishe nguo kutoka pipa hadi pipa, asuuze kwa mkono wake. Lakini tabu hiyo, alisema, ni ya dakika kumi, na mgongo unakuwa umenyooka, ilhali kazi ya beseni ni ya asubuhi nzima na mgongo umekunjwa.

Nisimame hapo kidogo, kwa kuwa wapo waungwana wanaosema kwamba mashine ya kufulia ni anasa, na kwamba mama zetu walifua kwa mikono ziwani na hawakulalamika. Kwanza walilalamika, ila hatukuwapo, tulikuwa barazani. Pili, kufua ziwani si kazi ya nyimbo na mawe laini pekee, kwani palipo na maji matulivu, majani na konokono ndipo kichocho kinapomngoja mtu aliyesimama majini hadi magotini kwa saa tatu, na mamba naye hachagui. Tena ajabu ni hii, kwamba neno lenyewe dobi, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Bara Hindi, lilikuwa katika miji ya pwani jina la kazi ya wanaume, waliofua, wakatia wanga, wakapiga pasi, wakapokea ujira wao bila fedheha yoyote. Mwanamume akilipwa, kumbe mikono yake inajua kufua, asipolipwa, husahau.

Ama kuhusu mashine ya pili, ile ya kukaushia, ambayo maduka siku hizi huiuza pacha na ya kufulia, zikipangwa moja juu ya nyingine kama vitanda vya bweni, nakiri kwamba niliitamani kwa siri. Kufa kwa mashine katikati ya mvua kulinipa udhuru. Mwezi wa Februari, kamba ya kuanikia ikiwa imelala mvuani siku tatu, na mashati yakinuka uvundo ule wa nguo iliyokauka kwa kulazimishwa, na watoto wamekwisha tandika soksi zao juu ya chanja za dagaa wa jirani, jambo ambalo lilileta maneno baina ya nyumba mbili na harufu baina ya vidole kumi, mtu yeyote angeitamani. Lakini nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, na hesabu haina huruma na matamanio.

Kilo 5 za nguo zilizokamuliwa vema kwa mashine hubaki na maji yapata lita 3, na kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hutaka zaidi ya nusu uniti ya umeme hata kama hakuna moto unaopotea. Kwa hiyo mashine za kawaida za kukaushia, ambazo moto mwingi huutupa nje, hula uniti 3 hadi 4 kwa mkausho mmoja. Nyumba inayokausha mara tatu kwa wiki itatumia uniti zipatazo 40 kwa mwezi kwa nguo peke yake. Sasa mwenye mita ya LUKU ya daraja la matumizi madogo, kwa bei zilizopangwa 2016, hulipia shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo madhali hajapita uniti 75 kwa mwezi, na akipita, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Taa, redio, simu na jokofu vikiwa vimekwisha chukua sehemu yao, mashine ya kukaushia ndiyo itakayomvusha mtu mpaka huo kwa miguu yake mwenyewe. Zipo za aina mpya ambazo huuzungusha moto uleule tena na tena, kama jokofu lililogeuzwa, zikala chini ya nusu ya hapo. Lakini bei yake ni ya kununulia ng'ombe, na akili yake nayo imo katika kibao.

Kisha nikagundua kwamba kazi kubwa ya kukausha hufanywa na pipa la kukamulia, lile la mashine ya wanyonge, ambalo huzunguka mara zipatazo 1,300 kwa dakika na katika dakika tano hulitoa blanketi likiwa na unyevu tu, lisidondoshe hata tone. Maji yanayotoka kwa kuzungushwa hayana gharama ya kuvukizwa. Yaliyobaki ni ya upepo. Na upepo haujapungua hapa: kuanzia Mei hadi Oktoba hatujui mvua, na mwezi wa Septemba shati huanikwa saa nne likaanuliwa saa sita likiwa kavu kama karatasi. Shida yetu ni ya miezi minne, na katika miezi hiyo si jua lililokosekana sana kama paa. Bati juu ya nguzo, pande zote wazi, kamba tano chini yake, huzikausha nguo za Februari kwa siku moja na nusu pasipo kumwita mtu mbio kila wingu linapopita.

Mwenye kuipinga hesabu yangu atanikumbusha nzi yule anayetaga mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa majanini, ambaye funza wake huingia ngozini mwa mtoto na kufanya jipu, na atasema kwamba moto wa mashine huyaua mayai hayo. Ni kweli. Lakini pasi huyaua pia, na ndiyo sababu mama wa nchi hizi hupiga pasi hata nepi na nguo za ndani, kwa makaa pasipo na umeme, si kwa urembo kama wageni wanavyodhani. Wala sikatai kwamba mashine ya kukaushia ina mahali pake: zahanati yenye wodi ya wazazi haiwezi kungoja jua lianike shuka, na nyumba ya wageni yenye vyumba ishirini vivyo hivyo, na mwenye kumwuguza mzee asiyeinuka kitandani ana udhuru mbele yangu na mbele ya kila mtu.

Tulikwenda Sumbawanga mwezi wa Aprili. Mke wangu alibeba mfuko mkubwa ambao sikuuliza una nini. Dukani muuzaji alianza kunieleza mimi, nami nikamwambia, “Muulize mama, ndiye mwenye kazi”. Akageuka kwa mashaka kidogo, kama mtu aliyeambiwa aandike kwa mkono wa kushoto. Naye mama akafungua mfuko, akatoa blanketi letu la Ufipa, lile la mistari, akalitia katika pipa la mashine ya kwanza. Halikuenea. Akalitia katika ya pili, ya kilo 7, likaenea lakini halikugeuka. Akalitia katika ya kilo 12, akaingiza mkono wake hadi begani, akalizungusha, likazunguka. Ndipo akauliza bei, na ndipo akauliza, kabla ya kutoa fedha, ni fundi gani wa mji huu aliyekwisha kuifungua mashine ya aina hii, na akataka muuzaji ampigie simu fundi huyo mbele yake.

Fedha iliyobaki, ambayo katika ndoto zangu ilikuwa ya mashine ya kukaushia, ilitutosha mabati, nguzo nne, waya na posho ya seremala, na chenji ikarudi. Mashine iliyokufa aliichukua fundi aliyezikomboa shuka; mota alisema ataifanyia jiwe la kunolea, na lile pipa la chuma kisichoshika kutu, lenye matundu yaliyopangwa vizuri, akalikalisha juu ya mawe matatu nyuma ya nyumba yake, akawasha moto chini. Juzi alituletea migebuka iliyokaushwa humo, imeiva sawasawa pande zote, na mke wangu akaila akisema kwamba hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo mashine ile imepata kuifanya bila kudai maji ya mita 5.